Mwenyewe Akiondoka, Sisi Tunabaki na Nini?

Ukitoka Likoni ukaishika barabara ya Lunga Lunga, ukapita Ukunda, ukapita Gazi na Msambweni, utafika mahali ambapo kondakta anaita "Ramisi!" na siku nyingine hakuna anayeshuka. Mgeni anaona daraja, mto, maduka machache na vijana wa bodaboda wamekaa kivulini. Mimi naona kwetu. Sasa nikisema leo naandika historia ya programu huria za kompyuta na mabadiliko ya tabianchi, halafu naanzia Ramisi, najua kuna watu washaanza kucheka. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee.

Kuna swali moja limenisumbua zaidi ya mwaka. Kitu unachokitegemea, mwenyewe akiamua kuondoka, wewe unabaki na nini mkononi? Nimelizungusha kila upande, na kila nikilizungusha linanirudisha kwa babu yangu na mashine zake.

Honi iliyonyamaza

Wengi wakisikia sukari ya Kenya wanafikiria Mumias. Sawa, lakini Mumias ilianza 1973. Kiwanda cha kwanza nchini kilikuwa Miwani, kule upande wa Kisumu, mwaka 1922. Cha pili kilikuwa chetu, Ramisi, mwaka 1927. Yaani Mumias inazaliwa, Ramisi ishasaga miwa miaka arobaini na zaidi.

Miwa ilileta watu. Wadigo wenyewe walikuwepo, lakini walikuja pia Wakamba, Wajaluo, na Wamakonde waliovuka kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa na mkonge. Marehemu nyanya alikuwa akisema honi ya kiwanda ndiyo ilikuwa saa ya kila mtu. Hata ambaye hakuwa na kazi kiwandani alipika kwa honi, alitoa watoto shule kwa honi, na akigombana na mumewe alingoja honi ya jioni ipite kwanza.

Mwaka 1988 kiwanda kikafungwa. Honi ikanyamaza.

Babu alikuwa fundi mle ndani. Nyanya alisema alijua mashine kwa sikio: akisimama mlangoni anakwambia ni beringi ipi inalia. Lakini kuna kitu kimoja babu hakuwa nacho, nacho ni mchoro. Hakuwahi kupewa kitabu cha mtambo hata siku moja. Mimi simlaumu mtu kwa hilo, maana viwanda vingi duniani vilikuwa hivyo: fundi analeta mikono, mchoro unakaa kabatini kwa wakubwa. Kiwanda kilipofungwa, ujuzi wa miaka 20 wa babu ulibaki kichwani kwake, na hapakuwa na mtambo mwingine wa kuutumia. Alirudi kulima mihogo. Alikufa kabla sijazaliwa.

Kwa Wamakonde mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu wao hawakuwa hata na kitambulisho. Waliishi Kwale vizazi vitatu, watoto wao wakizaliwa hapa na kuzikwa hapa, lakini kwenye karatasi hawakuwepo. Ilibidi mwezi Oktoba 2016 wafunge safari kwenda Nairobi, mpaka kwa Rais, kudai watambuliwe. Wakaanza kupewa vitambulisho, na mwaka 2017 wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Nikiwa kijana niliwaona majirani zetu wakishika zile kadi kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Siku hiyo nilielewa kuwa kitu kisichoandikwa popote ni rahisi sana kuambiwa si chako.

Mashine iliyokuwa ikikwama

Sasa tuvuke bahari kidogo. Miaka hiyohiyo babu akisikiliza beringi Ramisi, kulikuwa na bwana mmoja Marekani, Richard Stallman, anayefanya kazi kwenye maabara ya kompyuta ya chuo cha MIT. Maabara ilipewa mashine mpya ya kuchapisha, na mashine ilikuwa na tabia ya kukwama karatasi. Stallman alikuwa hodari wa programu. Mashine ya zamani alikuwa ameirekebisha ili ikikwama itume ujumbe kwa watu. Hii mpya hakuweza, kwa sababu kampuni haikutoa msimbo, yaani yale maandishi yenyewe yanayoiambia mashine ifanye nini. Alipomfuata mtaalamu mmoja aliyekuwa nayo, akaambiwa haiwezekani, ameshaahidi kutompa mtu.

Mnaona? Ni babu yangu yuleyule, ila huyu ni Mzungu. Fundi yupo, ujuzi upo, mashine imeharibika mbele ya macho yake, na mchoro uko kabatini.

Tofauti ni kwamba Stallman alikuwa na nafasi ya kukataa. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU: kutengeneza programu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua aone ndani, kuzibadilisha na kuwapa wengine. Na mwaka 1989 akaandika leseni, GPL, ambayo kwa maoni yangu ni moja ya karatasi za maana zaidi za karne iliyopita. Inasema hivi kwa ufupi: chukua, tumia, badilisha, hata uza, lakini ukimpa mwenzio mpe na mchoro, na usimnyime haki uliyopewa wewe.

Hapo ndipo watu wengi hawanielewi. Wanafikiri programu huria maana yake ni "ya bure". Bure si hoja. Hoja ni kwamba mwenyewe akichoka, akifilisika, akifa au akigombana na mkewe, mchoro unabaki. Mtu mwingine anauchukua, anaendelea.

Mwaka 1991, Helsinki na Gazi

Mwezi Agosti 1991 kijana wa Kifini wa miaka 21, Linus Torvalds, aliwaandikia wenzake kwenye mtandao kwamba anatengeneza mfumo wa kompyuta kama mchezo tu, si kitu kikubwa. Mwaka uliofuata akauweka chini ya ile leseni ya GPL. Huo ndio Linux. Simu ya Android unayosomea maneno haya, ndani kabisa inatembea kwa Linux. Fundi simu wa Ukunda anayefungua kioo chako kwa kisu cha mkate ni mjukuu wa Linus bila kujua.

Mwaka huohuo wa 1991, kilomita chache kaskazini ya kwetu, kwenye ghuba ya Gazi, watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, walianza kujaribu kupanda mikoko. Ikumbukwe mikoko ya Kenya ilishatangazwa msitu wa serikali tangu 1932. Karatasi ilikuwepo. Lakini miaka ya sabini mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi kwa kuni za kuchomea chokaa na matofali, na kwa boriti za kujengea. Sehemu zilizofyekwa zikabaki mchanga mtupu. Miaka ikapita, hakuna kilichoota. Bahari ikawa inaingia na kutoka kama mtu anayetembelea nyumba iliyohamwa.

Mkoko haupandwi kama mnazi. Kila mti una mahali pake, na ukikosea pahali bahari inakuonyesha. Mlilana unakaa mbele kabisa, unapigwa na mawimbi. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya kaa. Halafu mkandaa, na mchu huku juu karibu na nchi kavu. Hayo wavuvi na akina mama wachokoa chaza waliyajua zamani. Watafiti wakaja na vipimo, wenyeji wakaja na macho, na baada ya kujaribu na kukosea, pale mahali patupu pakawa msitu tena. Jina la Dk. James Kairo utalisikia sana ukifika Gazi, na ni haki yake. Lakini hata yeye nadhani atakwambia miche haikujibeba yenyewe matopeni.

Kwa nini mikoko na si mwarobaini? Kwa sababu mti mwingine hewa ya kaboni unaiweka zaidi kwenye shina na matawi. Ukikatwa na kuchomwa, imetoka. Mkoko unaishusha chini, kwenye tope. Tope lile halina hewa, majani na mizizi haviozi upesi, kwa hiyo kaboni inalala humo karne kwa karne. Eka moja ya mikoko inaweza kuhifadhi mara kadhaa zaidi ya eka ya msitu wa kawaida wa bara. Na juu ya hilo unavunja mawimbi, unalea kamba na samaki wachanga. Wazee wa Bodo na Funzi hawakungoja kuambiwa na mtu kwamba mikoko ikiisha na samaki wanahama.

Mikoko Pamoja

Mwaka 2013 likaja jambo ambalo bado watu wetu wenyewe hawalijui vizuri. Vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mradi wa Mikoko Pamoja, wa kwanza duniani wa jamii yenyewe kulinda mikoko na kuuza hesabu ya kaboni inayohifadhiwa. Hekta 117. Mkataba wa miaka 20. Kila mwaka inahesabiwa takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa, inauzwa kwa watu na mashirika ya nje, na pesa inarudi kijijini. Ikifika, watu wanakaa mkutano wanaamua: mabomba ya maji, vitabu vya shule. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Kwangu mimi habari kubwa ilikuja baadaye. Kuanzia 2019, Vanga, Jimbo na Kiwegu, kule mpakani na Tanzania, wakaanza wao, hekta 460 hivi, karibu mara nne ya Gazi. Watu wa Vanga hawakulazimika kununua siri kwa mtu. Mbinu ilikuwa wazi, vipimo vimeandikwa, makosa ya Gazi yanajulikana. Walichukua, wakabadilisha ifae bahari yao, wakaendelea. Kwenye ulimwengu wa programu hicho ndicho kitendo kitakatifu kuliko vyote: kuchukua nakala ya kazi ya mwenzio, kwa ruhusa yake, na kwenda nayo njia yako bila kumpunguzia chochote.

Weka sasa Ramisi ya 1988 upande mmoja na Gazi upande mwingine. Tuko barabara moja, kaunti moja, mvua yetu moja. Kiwanda kilikuwa na mitambo, mishahara, magari, na kilifungwa pasipo yeyote kati yetu kuweza kukifungua. Mikoko haina hata mlango. Afisa akihamishwa, mfadhili akichoka, wenyeji wanajua kupanda, wanajua kuhesabu, na mkataba wa kulinda msitu una jina lao.

Na sisi Kenya tumeandika yetu

Kuna fikra kwamba haya mambo ya programu huria tunayaangalia tu kutoka dirishani. Si kweli. Mwaka 2004 watu wa Eldoret, kwenye ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na cha Indiana, Marekani, walikuwa na wagonjwa wengi wa UKIMWI kuliko daftari zinavyoweza kubeba. Hapo ukaanza mfumo wa kuweka rekodi za wagonjwa, OpenMRS. Mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret, na kwa sababu uko wazi leo unatumika katika nchi nyingi. Mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Kampuni kubwa haikuona haraka ya kututafsiria. Huku watu waliingia wenyewe wakatafsiri.

Halafu Januari 2008. Aliyekuwa Kenya hahitaji kukumbushwa. Watu wanauana, habari zimezibwa. Ory Okolloh akauliza kwenye maandishi yake nani anaweza kutengeneza ramani ya yanayotokea. Siku chache baadaye David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao wakawa nayo hewani: Ushahidi. Mtu anatuma ujumbe mfupi, tukio linaonekana kwenye ramani. Msimbo wakauachia, na Januari 2010 Haiti ilipopigwa na tetemeko la ardhi, programu ile ya Wakenya ikatumika kutafuta watu waliokwama. Neno la Kiswahili, "ushahidi", likafika Port-au-Prince kabla hata halijazoeleka Ramisi.

Sauti ya nyanya

Sasa yangu, na hapa ndipo panaponiuma.

Mwaka 2021 nilianza kumrekodi nyanya. Video 11. Alisimulia honi, alisimulia miwa ikichomwa usiku na majivu yakianguka kwenye nguo zilizoanikwa, alisimulia ngoma za Wamakonde Jumamosi. Nilizipandisha kwenye huduma moja ya mtandao, siitaji, nikazifuta kwenye simu ili nipate nafasi. Si zipo mtandaoni? Nyanya alifariki 2022. Mwaka uliofuata akaunti yangu ikafungwa. Sababu sikupewa. Niliandika barua pepe 14. Nilijibiwa na mashine, ikinishukuru kwa uvumilivu wangu.

Nilikaa na simu mkononi, nikamkumbuka babu. Nilikuwa nimejenga nyumba yangu kwenye kiwanja cha watu na kuwaachia funguo.

Kilichopona ni kipande kimoja cha sauti, dakika nne, kwa sababu binamu yangu alioko Tanga aliniomba nimtumie kwenye simu. Humo nyanya anaiga honi ya kiwanda kwa mdomo, halafu anacheka.

Tangu hapo nafanya kazi kwa namna nyingine. Narekodi wazee wengine waliobaki, naweka sauti kwenye muundo ulio wazi ambao programu yoyote inaweza kuufungua hata miaka 30 ijayo, na naweka nakala tatu: kwangu, kwa binamu Tanga, na moja kwa mwalimu mmoja hapa kijijini. Wikendi nazunguka na mzee mmoja jirani tukiandika majina ya mahali kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuitumia. Vijana wa Kibera walifanya hivyo 2009, wakati mtaa wao ulikuwa doa tupu kwenye ramani. Na sisi tulikuwa doa. Nilipoandika jina la kisima kimoja, mzee akanisimamisha: "Hapana, mwanangu, hilo ni jina la juzi." Akanipa la zamani. Tukaandika yote mawili.

Mwaka jana ikaja kampuni ya Nairobi, nayo siitaji. Walitaka rekodi zote za wazee, shilingi 60,000, haki zote zao milele. Nisidanganye, nilihesabu. Nilikuwa na deni la kodi ya nyumba miezi miwili. Nikaenda kumuuliza mzee, kwa sababu sauti ni yake. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Uza yako. Yangu iache hapa." Nikawarudishia jibu, nikawaambia rekodi zipo chini ya leseni ya Creative Commons, wanaweza kuzitumia bure mradi wataje wenyewe na watakachotengeneza wakiache wazi vilevile. Hawakuandika tena. Deni nililipa kwa kupiga picha harusi tatu Diani.

Msinione nimelewa

Kuna mambo ya kujibiwa. La kwanza, biashara ya kaboni. Mtu wa Ulaya anapanda ndege, analipa kidogo, dhamiri inatulia, moshi uko palepale. Hilo ni kweli, na mikoko ya Gazi haiwezi kuosha viwanda vya dunia. Mimi nauliza swali dogo zaidi: pesa ikija, nani anakaa kwenye kikao cha kuigawa? Kama ni kijiji, na hesabu inasomwa hadharani, naweza kuishi nayo. Kama msitu umepigiwa uzio na mwenyeji anaambiwa hapiti, hiyo ni shamba la miwa kwa jina lingine.

La pili, vitu vya wote huozea mikononi mwa wote. Kweli tena. Aprili 2014 iligunduliwa kwamba OpenSSL, programu huria inayolinda siri kwenye sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa na tundu la hatari, na waliokuwa wakiitunza walikuwa watu wachache wenye pesa kidogo. Matajiri wote wanaitumia, hakuna anayefagia.

Lakini jibu tunalo hapahapa. Nenda Kaya Kinondo, karibu na Diani. Kaya zetu ziliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Ukifika unafungwa kaniki, unaambiwa usikate, usiokote, usitoke na kitu. Kaya ni ya wote, na ina masharti kuliko shamba la mtu binafsi. Mama Elinor Ostrom alipewa Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuonyesha kwamba mali ya pamoja haifi ikiwa wenyewe wana sheria, wana walinzi na wana adhabu wanayoielewa. Wazee wa kaya wangemsikiliza kwa adabu, wampe dafu, na wamuulize mbona amechelewa.

Kuishi kwa makusudi

Siku hizi kuna mtindo wa kuishi kwa makusudi: punguza vitu, chumba cheupe, kikombe kimoja. Mimi sina ugomvi nao, ila huku kwetu watu wengi wana kikombe kimoja na hawakukichagua. Ufukara si nidhamu.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nyanya hakuipenda methali hii. Alisema, "Kwani nani asiyetegemea?" Na yuko sawa. Mimi nategemea Linux, nategemea mvua, namtegemea binamu. Kuishi kwa makusudi, kwangu, ni kuchagua kwa macho wazi utakachokitegemea, na kuulizia masharti kabla siku haijafika. Nina maswali matatu ninayouliza kila kitu kipya, iwe programu, kazi au mradi. Naweza kuona ndani? Naweza kuondoka na changu? Mwenyewe akiondoka, tuliobaki tunaweza kuendelea? Kitu kikishindwa yote matatu sikikatai lazima. Video zangu bado naziweka kwenye mitandao mikubwa, kwa sababu huko ndiko watu waliko. Lakini sijengi tena nyumba huko. Napanga chumba.

Haya si mambo ya kale. Desemba 2024 uchimbaji wa titani hapa Kwale ulifikia mwisho baada ya miaka kumi na moja. Nawajua vijana wa rika langu waliokuwa na kazi pale. Upande wa sukari, kampuni mpya ilishakuja ikapanda miwa tena na kujenga kiwanda, na migogoro ya ardhi ikaja nayo mpaka mahakamani. Sisemi kampuni zisije. Zije, watu wanataka kula. Nasema kwenye kile kikao cha kwanza kabisa, kabla ya kukata utepe, kijana mmoja anyooshe mkono aulize: siku mtakayoondoka, mchoro mtatuachia? Ardhi itarudi kwa nani, na imeandikwa wapi? Nani kati yetu mtakuwa mmemfundisha?

Babu hakuuliza. Wakati wake fundi hakuulizi. Sisi tuna simu, tuna shule, tuna Gazi na Vanga za kuonyesha mfano. Tukinyamaza tutakuwa tumechagua kunyamaza.

Wikendi ijayo bamvua, maji yatatoka mbali, na kuna miche inakwenda kupandwa upande wa Bodo. Naenda. Aliye karibu aje na viatu vibovu, maana tope halibagui. Ile sauti ya dakika nne ya nyanya nitakuwa nayo kwenye simu. Anayeitaka nampa, na akimpa mwenzake asiniulize.